Pedali Zinazoteleza

Amagoro
6 Mei 2024

Kwa Fundi Roselida, Soko la Matayos

Mama, salamu.

Hunijui. Jina langu ni Otukei. Nilikuwa karani wa posta hapa Malaba mpaka nilipostaafu, na siku hizi nalima kidogo na kupiga gitaa. Brigid, yule anayewaletea nyanya siku za soko, ndiye aliyenipa jina lako. Amesema unatengeneza akala za tairi ambazo mtu anapanda nazo mawe yaliyolowa bila kuanguka. Ndiyo sababu nakuandikia.

Ndani ya gunia utakuta vyuma vitatu. Ni pedali za gitaa. Gitaa langu si la kubeba kifuani. Limelala kama meza, lina miguu minne, nami hukaa nyuma yake kwenye kiti. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unatelezesha chuma juu yake, na huko chini mguu wa kushoto unakanyaga pedali. Ukikanyaga, uzi unavutwa na sauti inapanda polepole, kama mtu anayekuita kutoka shamba la pili. Bila pedali, lile gitaa ni ubao tu. Niliachiwa na Bruda mmoja aliyefundisha ufundi huku, aliporudi kwao kupumzika. Sijaona lingine kama hilo kutoka hapa hadi Busia.

Shida ni kwamba pedali zinateleza. Zilianza kunisumbua mvua za mwaka jana. Nilibandika msasa mwenyewe, ukala soli ya kiatu na bado nikateleza. Nikikosa ya kwanza naangukia ya pili, na wimbo wa mazishi unageuka kitu kingine. Jumamosi bendi yetu hupiga kantri kwenye hoteli moja hapa Malaba, ambapo madereva wa malori hungojea karatasi zao. Dereva aliyelala kwenye foleni hana subira na sauti mbaya.

Simu ninayo, lakini hapa mpakani inakamata mtandao wa Uganda bila kuniuliza, na salio linaisha nikiwa bado nasalimu. Tena nimegonga mihuri kwenye barua za watu maisha yangu yote. Acha na mimi niandike zangu.

Tafadhali zibandike kitu kisichoteleza.

Wako,
J. Otukei


Matayos
10 Mei 2024

Mzee Otukei,

Mulembe. Gunia lilifika. Kabla sijaona barua nilidhani ni breki za trekta. Jirani yangu anayeuza mbegu akasema ni vyuma vya cherehani, tukabishana mpaka chai ikapoa.

Msasa wako nimeung'oa kwa mafuta ya taa. Nimebandika mpira wa tyubu ya baiskeli, upande wa ndani nikaugeuza ukawa juu, kwa sababu huo ndio unaoshika. Gundi iache ikauke vizuri kabla hujakanyaga.

Unavaa kiatu gani ukipiga? Na unakanyaga kwa vidole ama kwa katikati ya mguu? Mimi sijawahi kutengenezea chuma kiatu, kwa hivyo nauliza.

Marehemu mume wangu, Protus, alikuwa na redio ambayo Jumapili asubuhi hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alipenda hizo nyimbo za kantri. Kuna kile chombo kinacholia nyuma ya mwimbaji kama kinamwonea huruma. Miaka hiyo yote sikujua kuna mtu anakikanyaga.

Roselida


Amagoro
20 Mei 2024

Mama Roselida,

Yoga. Hiyo ni salamu yetu Wateso, nawe umenipa yenu.

Nashukuru kwa kazi, lakini sitakuficha. Tyubu inashika mno. Mguu wangu haukai pedali moja. Unatoka ya kwanza kwenda ya pili kwa kukunja kifundo tu, bila kuinuka. Mpira wako ulikamata kiatu kama matope ya mtoni, nikavuta na pedali ya jirani. Na ajabu ni kwamba, pamoja na kushika kote huko, niliteleza tena.

Jumamosi dereva mmoja wa kutoka Kigali aliomba wimbo kwa ajili ya mama yake aliyezikwa akiwa safarini. Tukaanza vizuri. Katikati mguu ukaanguka pasipofaa, gitaa likalia kama mlango. Yule bwana akaweka glasi yake chini, akatoka. Afadhali angenitukana.

Ikapel, kiongozi wa bendi yetu, alingoja tufunge vyombo. Akaniambia, "Mzee, kuna mwalimu pale Kocholya ana kinanda cha umeme. Anabonyeza kitufe kimoja, kinatoa sauti kama ya gitaa lako."

Nikamuuliza, "Kama ya gitaa langu, au ya gitaa langu?"

Akacheka, akabeba ngoma akatoka. Mwezi wa Novemba parokia yetu itakuwa na jubilei, na bendi imeombwa kupiga misa nzima. Unaelewa nilipo.

Kiatu ni kile cheusi cha ngozi nilichokuwa nikivaa posta. Nakanyaga kwa mbele, chini ya dole gumba. Pedali nakurudishia.

Wako,
Otukei


Matayos
24 Mei 2024

Mzee Otukei,

Nimekuelewa. Unataka kitu kinachoshika mguu ukishuka na kuuachilia ukienda kando.

Safari hii nimetumia tairi ya pikipiki, ile ngumu. Nimeichonga kwa kisu ikawa nyembamba, halafu nikakata mifereji inayokwenda upande mmoja tu. Kiatu kikitaka kwenda mbele kitakwama. Kikitaka kwenda kando kitapita. Nimezungusha na vimisumari vidogo pembeni ili isibanduke, nikavifukia vichwa. Pitisha kidole, hutavisikia.

Pole kwa yule dereva. Labda alitoka kwa sababu ya mama yake, si kwa sababu yako. Watu hutoka nje kwa mambo yao.

Kitufe si mguu. Mwambie hivyo Ikapel.

Roselida


Amagoro
10 Juni 2024

Mama Roselida,

Nimezijaribu kwa wiki kadhaa kabla ya kukuandikia, ili nisikuonee. Bado zinateleza.

Mifereji yako ni mizuri kuangalia. Ikapel mwenyewe aliinama akaisifu. Lakini mimi nakaa nyuma ya gitaa, nakanyaga, nangoja, na sijui mguu umefika wapi mpaka nisikie sauti. Sauti ikiwa mbaya ndipo najua nilikosa, na wakati huo kanisa zima limeshajua. Jana nilipiga wimbo mzima macho yangu yakiwa chini ya gitaa kama mtu aliyepoteza sarafu. Bruda alikuwa akinifundisha kwamba mpigaji anayeangalia miguu yake ni kama padri anayeangalia saa.

Nisamehe nikisema hivi. Labda kazi yako ni ya miguu ya shambani, na hiki ni chombo kingine. Sikulaumu. Pedali hizi hapa. Ukiona huwezi, zirudishe tu zilivyo, nitatafuta fundi Kampala.

Otukei


Matayos
13 Juni 2024

Mzee,

Kabla hujafika Kampala, ngoja kidogo.

Nimezipigilia pedali zako kwenye ubao, nikamwaga maji ya sabuni juu, nikakanyaga kwa kiatu, kwa akala, halafu kwa mguu mtupu. Nikamwita jirani wa mbegu naye akanyage, na yeye ni mtu mzito. Hazitelezi.

Naomba vitu viwili. Nitumie hicho kiatu cha kushoto, nikione. Na unijibu swali hili: ukikanyaga zile pedali asubuhi bila kiatu, unasikia ubaridi wa chuma?

Roselida


Amagoro
17 Juni 2024

Mama Roselida,

Swali lako limenichekesha. Nimekanyaga asubuhi kama ulivyosema, kwenye chuma cha gitaa chenyewe maana pedali unazo wewe. Sikusikia ubaridi wowote. Huku Amagoro si Eldoret, mama. Chuma chetu hakina baridi.

Kiatu hiki hapa. Nimekipiga brashi kwa heshima yako. Naomba usikicheleweshe, kwa sababu Jumapili nitaenda kanisani na ndala na watu wataanza kuuliza.

Otukei


Matayos
18 Juni 2024

Mzee Otukei,

Nakuandikia Brigid akiwa amesimama hapa mlangoni, nimemwambia haondoki bila barua hii. Kaa chini uisome.

Nilipoingiza mkono ndani ya kiatu chako, kitu kilinichoma. Nimeitoa soli ya ndani. Kuna waya mwembamba wa tairi la lori, ule unaotapakaa barabarani kwenu. Umepita soli ya chini, ambayo msasa wako uliila ikabaki kama karatasi, ukapita na ya ndani, ukatokea pale pale unapokanyagia, chini ya dole gumba. Ngozi yote ya hapo ni nyeusi. Si rangi ya kiatu. Nimeilowesha, imetoa damu, na ina harufu.

Huo waya haukuingia juzi. Umeshika kutu. Umekuwa ukitembea juu yake, umekwenda nao shamba, umekwenda nao kanisani, na kila wimbo umeukanyagia. Hukusikia.

Pedali zako hazitelezi, mzee. Ni mguu wako ambao haujui uko wapi.

Sasa nisikilize. Pindua mguu uangalie chini. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni. Halafu uende hospitali leo, usingoje kesho. Waambie wakupime sukari.

Nimemuuliza Brigid kama unachechemea. Amesema hapana, unatembea sawasawa. Hilo ndilo limenitia hofu zaidi.

Pedali nimezifungia kabatini. Sizirudishi mpaka nione karatasi ya daktari.

Roselida


Amagoro
20 Juni 2024

Kwa Bi. Roselida

Nimepokea barua yako ya tarehe 18.

Nilikutumia vyuma na kiatu. Sikukutumia mguu wangu, na sikukuuliza habari zake. Nina umri wa kujua kama ninaumwa. Huo mguu hauumi hata kidogo.

Kuzuia mali ya mtu ni kosa. Nilifanya kazi ya serikali, najua taratibu. Jumamosi bendi ilipiga bila mimi, na Ikapel alimleta yule mwalimu na kinanda chake. Wewe ndiye uliyemfungulia mlango.

Usipompa Brigid pedali na kiatu wiki hii, nitakuja Matayos nipitie kwa chifu wenu.

J. Otukei


Matayos
22 Juni 2024

Mzee Otukei,

Njoo na chifu. Nitawapikia chai nyote wawili, na yeye ataangalia huo mguu.

Umesema hauumi. Ngoja nikuambie habari za Protus, halafu utaamua mwenyewe. Jioni moja tulikuwa tunachoma mahindi uani, yeye amekaa kwenye kigoda, miguu mitupu, anatania watu. Mimi nikasikia harufu. Nikadhani ni hindi limeungua. Nikageuza mahindi, yako sawa. Kumbe kaa la moto lilikuwa limeruka likatulia chini ya unyayo wake, na yeye alikuwa bado anasimulia. Sisi tulisikia harufu kabla yeye hajasikia maumivu. Hakuyasikia kabisa. Alituangalia tunavyopiga kelele kama watu walioingiwa na wazimu.

Hatukujua kuna ugonjwa wa namna hiyo. Alikatwa mguu, na baada ya mwaka tukamzika. Mimi nilianza kushona viatu ili kumtengenezea ule mguu mmoja uliobaki kitu laini. Ndipo nilipojifunzia.

Najua gitaa ni lako na pedali ni zako. Nikizirudisha utazifunga, utakaa kwenye kiti, utakanyaga. Kwa hivyo sizirudishi. Unichukie tu, lakini uende.

Roselida


Amagoro
9 Julai 2024

Kwa Mama Roselida,

Jina langu ni Asekenye, binti yake Mzee Otukei. Mimi ni mwalimu, naishi boma moja naye. Baba amelazwa hospitalini na mkono wake una sindano ya maji, kwa hivyo anasema na mimi naandika. Sikujua wewe ni nani mpaka leo. Nilidhani zile barua Brigid alizokuwa akileta ni za mwanamke anayemtaka. Nisamehe.

Anasema hivi:

"Mwambie sikwenda siku hiyo. Nilikasirika nikakaa. Niliipokea ile barua ya habari za Protus nikaiweka chini ya redio. Usiku sikupata usingizi, si kwa maumivu, kwa sababu hayakuwepo. Alfajiri nikachukua kioo cha kunyolea nikakiweka sakafuni kama alivyosema. Mwambie nilidhani naangalia mguu wa mtu mwingine."

Hapa naongeza yangu. Alipomaliza kuangalia kioo aliniita. Hajawahi kuniita alfajiri tangu mama afe. Tulikwenda hospitali kwa gari la jirani. Hapo ndipo nilipojua kwamba aliwahi kuambiwa ana sukari na akaacha kwenda kliniki. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alijua nitamwambia aache gitaa. Ni kweli ningemwambia.

Anaendelea:

"Mwambie daktari alinifumbisha macho. Akasema atanigusa unyayo kwa kiuzi cha plastiki, na kila nikihisi niseme ndiyo. Nikakaa nikingoja aanze. Baadaye akaniambia fumbua, nimemaliza."

Wamemkata kidole gumba cha mguu wa kushoto. Daktari amesema angechelewa kidogo ungekuwa mguu wote. Kidonda ni kisafi na homa imeshuka.

Anataka kujua kama pedali bado ziko kabatini. Anasema nisiandike kwamba ameuliza.

Asekenye


Matayos
12 Julai 2024

Asekenye mwanangu,

Nimefurahi kukufahamu. Mwambie baba yako pedali ziko kabatini, nazipangusa vumbi.

Kidonda kikifunga na daktari akikubali, msimamishe juu ya karatasi, zungushia kila mguu penseli, unitumie. Usikate karatasi. Nataka nione na mahali kidole kilipokuwa. Niandikie pia anasikia kuanzia wapi. Mguse kidogo kidogo kwa unyoya wa kuku, kutoka chini kwenda juu, yeye akiwa amefumba macho. Asidanganye.

Na kila jioni, umwangalie unyayo. Hata akinung'unika. Wanaume hunung'unika wakiangaliwa miguu, sijui kwa nini.

Mama Egesa (hilo ndilo jina watu wa nyumbani huniita)


Amagoro
14 Oktoba 2024

Mama Egesa,

Eyalama noi. Asante sana.

Kiatu kimefika, na pedali zimefika. Nilizifunga mwenyewe, Asekenye akishika tochi chini ya gitaa na kunihubiria.

Nilikuwa nimekaa miezi bila kugusa uzi. Siku ya kwanza nilitaka kulia. Nilikanyaga mahali kidole kilipokuwa, nikakanyaga hewa. Kisha nikafanya ulivyoandika kwenye karatasi uliyotia ndani ya kiatu. Nikaacha kutafuta kwa unyayo. Nikasukuma mguu kando mpaka ubavu wa kiatu ukagonga ule ukingo wa mpira ulioweka kati ya pedali na pedali. Huo mgongano nausikia juu, hapa kwenye kifundo, na kwenye mfupa wa mbele. Unyoya wa Asekenye ulisema kweli. Kuanzia kifundo kwenda juu mimi bado ni mtu mzima.

Ukingo wa kwanza, pedali ya kwanza. Ukingo wa pili, ya pili. Soli ngumu uliyoipinda mbele inanisaidia kushuka bila kutumia kidole. Ni polepole. Nyimbo za haraka zimenishinda, na sidhani zitarudi. Lakini za polepole naziweza, na hizo ndizo nilizozipenda tangu mwanzo.

Ikapel alikuja Jumanne. Alikaa kwenye ngazi akasikiliza. Nikamaliza, naye akaendelea kukaa. Nikamuuliza, "Mwalimu na kinanda chake hawajambo?"

Akasema, "Mwalimu hajambo. Madereva wanakuuliza wewe." Kisha akasema misa ya jubilei ina nyimbo nyingi, kinanda kitapiga za haraka, nami nipige za matoleo na komunyo. Nimekubali. Zamani ningekataa.

Barua niliyokuandikia mwezi wa Juni, ile ya chifu, naomba uichome.

Misa ni Jumapili ya mwisho ya Novemba. Njoo. Nitamwambia Brigid akushike mkono akulete.

Wako,
Otukei


Matayos
26 Novemba 2024

Mzee Otukei,

Tulifika salama, Brigid akiwa amelala njia nzima. Mwambie Asekenye kuku alikuwa mtamu, na kwamba sikusahau kitambaa changu, nilikiacha kwa makusudi ili nirudi.

Uliniuliza pale nje nimeonaje, na watu wakatuingilia kabla sijajibu. Nakujibu sasa.

Nilikaa upande wa kushoto, karibu na nguzo, kwa sababu kutoka pale mtu anaona chini ya gitaa. Watu wengine walikuwa wanaangalia mikono yako. Mikono yako ni mizuri, inakwenda kama inafuta meza. Lakini mimi nilikuwa nimekuja kuuona mguu.

Wimbo wa kwanza wa matoleo, kila pedali uliipata. Wa pili, pale sauti ilipokuwa inapanda, uliteleza. Najua wewe unajua. Kiatu kilitoka kwenye ile ya kati kikaning'inia. Mimi nikashika benchi. Halafu nikaona kifundo chako kinageuka kidogo, kiatu kinarudi kando, kinagonga ukingo, kinatulia, kinashuka. Sauti ikapanda kama vile haikuwahi kusita. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa anafuta machozi, na hakujua lolote lililotokea.

Nikakuangalia usoni kuona kama umeinama. Ulikuwa umeinua kichwa, unaangalia watu wanaoleta sadaka.

Nilikaa pale nikamkumbuka Protus na redio yake, na kwa mara ya kwanza sikumkumbuka akiwa mgonjwa.

Kwa hivyo umepiga vizuri, mzee. Nimesema.

Jambo lingine. Uliposimama kusalimu, nilikiona kiatu chako cha kulia. Kisigino kimelala upande wa nje, na mtu akilala upande huo unyayo unapata kidonda pembeni. Mpe Brigid akilete siku ya soko. Na kabla ya kumpa, ingiza mkono ndani kwanza.

Mama Egesa